Programu ya bure ya kuhariri picha: uanze na ipi?

Wengi wetu mahitaji yetu ni machache: kukata kingo, kunyoosha picha iliyopinda, kuongeza mwanga, kupunguza ukubwa wa faili. Kwa kazi hizo usilipe chochote. Huenda hata usihitaji kupakua kitu, maana programu ya picha iliyomo kwenye simu yako tayari inakata na kuongeza mwanga.

Niliwahi kutumia nusu saa kusafisha picha ya familia, na nilipobonyeza kuhifadhi nikadaiwa pesa ili nembo iliyobandikwa pembeni iondolewe. Iliniuma. Tangu siku hiyo, programu mpya naijaribu kwanza kwa picha nisiyoijali: naikata, naihifadhi, kisha naifungua nione imetokaje.

Kwa simu, naiweka Snapseed mbele ya zote. Ni ya Google, ipo kwa Android na iPhone, haina matangazo wala nembo. Chukua picha ya mtoto aliyekaa dirishani, uso umeingia giza. Ukiongeza mwanga wa picha nzima, dirisha linakuwa jeupe pe. Hapa tumia kifaa cha kurekebisha sehemu moja: gusa shavu lake, bana au tanua kwa vidole viwili kuchagua eneo, kisha telezesha kidole kulia. Uso unang'aa taratibu, na dirisha linabaki lilivyokuwa. Kwa kifaa hicho kimoja tu ningeichagua.

Kwenye kompyuta ya Windows, nafasi ya kwanza naipa Paint.NET. Ni nyepesi, na ukikosea unarudi nyuma hatua kwa hatua. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, kwani ile iliyo kwenye duka la Microsoft inauzwa.

Ya pili ni Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa. Inafungua hata faili za Photoshop, na picha zako hazipandishwi kwenye seva. Utavumilia matangazo pembeni, na vitufe vyake vingi humchanganya anayeanza.

IrfanView inafuata, hasa kwa mwenye picha mia za kupunguza ukubwa kwa mkupuo mmoja. Ni bure kwa matumizi binafsi, si ya biashara.

GIMP naiweka mwisho, na si kwa ubovu. Inaweza karibu kila kitu, iwe Windows, Mac au Linux, ila kujifunza kwake kunataka muda. Ukihifadhi kwa njia ya kawaida inakupa faili ya XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe. Ukitaka JPEG, aina ya kawaida ya faili za picha, lazima uende kwenye amri ya kusafirisha nje.

Yoyote utakayochagua, hariri nakala. JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, na ubora uliopotea haurudi.