Mafuta ya lanolini kwa ndoana zilizonolewa: tathmini baada ya msimu mmoja wa maji ya chumvi

Kwa msimu mzima wa uvuvi nimekuwa nikizihifadhi ndoana zangu za baharini kwa mafuta ya lanolini, yale mafuta mazito ya rangi ya asali yanayopatikana kwa kuoshwa sufu ya kondoo, na sasa naona nimeyatumia kiasi cha kutosha kuyatolea hukumu. Sikuyatafuta kwa ajili ya ndoana mpya zinazotoka kwenye pakiti, kwa kuwa hizo huja na utando wa kiwandani ambao huzilinda kwa muda. Niliyatafuta kwa ajili ya ndoana ninazozinoa mwenyewe kwa tupa, ambazo jioni huwa na makali ya kupendeza na asubuhi huamka na madoa ya kahawia.

Ili ieleweke nilikuwa nikipima nini, ni lazima kwanza ifahamike kwa nini ndoana iliyonolewa huliwa na kutu upesi kuliko isiyonolewa. Ndoana nyingi hutengenezwa kwa waya wa feleji yenye kaboni nyingi, ambayo ni ngumu na hushika makali vizuri, kisha hufunikwa kwa utando mwembamba wa bati, nikeli, zinki au vanishi. Tupa ikipita kwenye ncha, utando huo huondoka na feleji hubaki wazi. Bati na nikeli haziliwi na maji ya bahari kwa wepesi kama chuma, kwa hiyo zinapogusana na chuma ndani ya tone moja la maji ya chumvi, umeme hafifu hupita kati yake na chuma ndicho kinacholiwa. Na kwa kuwa sehemu iliyofunikwa ni kubwa, ilhali sehemu iliyo wazi ni ile ncha ndogo tu, ulaji wote hukusanyika pale pale kwenye makali. Zinki hutenda kinyume: yenyewe huliwa kwanza na kukilinda chuma kilicho jirani nayo, ndiyo maana ndoana yenye utando wa zinki huvumilia kupigwa tupa kuliko ile inayong'aa kwa nikeli. Kutu ambayo kwenye shina la ndoana ingekuwa doa tu la kufutwa kwa kitambaa, ikitua kwenye ncha nyembamba namna hii huondoka na makali yote.

Lanolini, ingawa huitwa mafuta, kwa asili yake ni nta. Kondoo huitoa kwenye tezi za ngozi ili mvua isimlowanishe, na sifa hiyo hiyo ndiyo tunayoihitaji. Huuzwa kwa namna mbili, yaani ikiwa nzito ndani ya kopo au ikiwa imeyeyushwa kwenye kimiminika chepesi na kutiwa katika mkebe wa kupulizia, ambapo kile kimiminika hukauka na kuiacha nta ikiwa imeganda juu ya chuma. Nilianza na ya kupulizia, nikaishia kuipendelea ya kopo. Ile ya kupulizia hupotea hewani zaidi kuliko inavyofika kwenye ncha, na ndoana ni kitu kidogo mno kukilenga. Ya kopo huchukuliwa kidogo kwa ncha ya kidole au kwa brashi laini, ikapakwa kwenye ncha, kwenye kijino (kile kimwiba cha nyuma ya ncha kinachomzuia samaki asichomoke) na kwenye mpindo, ikaisha.

Jaribio langu lilikuwa rahisi. Nilichukua ndoana za pakiti moja, nikazinoa zote kwa tupa ile ile, nikazigawa mafungu matatu: la kwanza sikulipaka chochote, la pili nililipaka mafuta mepesi ya mashine, la tatu nililipaka lanolini. Zote nilizichovya kwenye maji ya bahari, nikazitundika mahali penye kivuli na hewa, na nikarudia kuzichovya kila siku. Fungu la kwanza lilikuwa na rangi ya chungwa kwenye ncha siku ya pili asubuhi, jambo ambalo halikunishangaza. Fungu la pili lilistahimili siku chache, kisha vidoa vikaanza kwenye ukingo wa ncha, mahali ambapo mafuta mepesi huteleza na kujikusanya kwenye mpindo. Fungu la lanolini lilifika siku ya 14 ncha zikiwa bado nyeupe, isipokuwa ndoana mbili ambazo nilipozitazama kwa kioo cha kukuza niliona kwamba nilikuwa nimeziruka nilipokuwa nikipaka. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo iliyonifanya niendelee nayo msimu wote.

Hata hivyo, kutundika ndoana ukutani si kuvua. Mara tu chambo kinapopenyezwa kwenye ndoana, nyama yake huifuta lanolini kwenye ncha kabla hata ndoana haijafika majini, na mchanga au mwamba wa chini humaliza kilichobaki. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba bidhaa hii hailindi ndoana inayofanya kazi. Inailinda ndoana inayosubiri kazi. Anayeinunua akidhani atapaka mara moja kisha avue wiki nzima atavunjika moyo, na kosa halitakuwa la mafuta. Saa ambazo kutu huharibu zaidi ni zile za baada ya safari, ndoana zikiwa zimerudishwa kwenye kasha na mvuvi amelala, na katika saa hizo ndipo lanolini inapoonyesha thamani yake.

Hapa lazima nilisemee jambo ambalo maelezo ya kwenye kopo huligusa kwa neno moja tu, nalo ni kusuuza. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na maji yakikauka chumvi hiyo hubaki. Watu wengi huifuta ndoana kwa kitambaa, wakaiona kavu, wakaipaka mafuta. Lakini chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75, na magnesi kloridi, ambayo nayo imo katika chumvi ya bahari, hunyonya hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo, kwenye asilimia 33 au karibu yake. Maana yake ni kwamba ndoana iliyofutwa bila kusuuzwa hujilowesha tena yenyewe ndani ya kasha. Ukiipaka lanolini juu ya chumvi hiyo, umeifungia adui ndani ya nyumba: utando wa nje utapendeza na kutu itatembea chini yake. Niliwahi kuharibu ndoana kadhaa nzuri kwa namna hii mwanzoni mwa msimu, na tangu hapo hakuna ndoana inayoonja lanolini kabla ya kulala dakika kadhaa katika maji yasiyo na chumvi, kusukwasukwa, kumwagiwa maji mengine mapya, na kukaushwa kabisa.

Kasoro za mafuta yenyewe zipo, na sitaki kuzificha. Lanolini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 40 za selisiasi hivi, na kasha la plastiki lililoachwa juani hufika joto hilo bila taabu. Nililifungua langu siku moja nikakuta nta yote imetiririka chini na ncha zimebaki tupu. Pia inanata, na chochote kinachonata hukusanya mchanga, kwa hiyo ndoana iliyopakwa kwa wingi ikidondoka ufukweni inakuwa kazi kuisafisha. Lililo muhimu zaidi, isipakwe kwenye tundu la ndoana, kwa sababu mshipi wa nailoni ukifungwa juu ya tundu lenye nta fundo huteleza kabla ya kukaza, na samaki mzuri akapotea. Kuhusu harufu, ipo, hafifu, ya kondoo. Mimi huifuta ncha kwa kitambaa safi kabla ya kutia chambo, na sijaona samaki wakila kwa uchache kuliko zamani.

Nililinganisha pia na njia nyingine tatu ambazo wavuvi huzitaja. Karatasi ya kuzuia kutu, ile iliyotiwa kemikali inayofuka polepole na kutanda juu ya chuma, inafanya kazi nzuri na haiachi unato wowote, ila inahitaji kasha linalofungwa sawasawa na lisilofunguliwa mara kwa mara. Kwa akiba ya ndoana zilizonolewa za miezi ijayo ningeichagua hiyo mbele ya lanolini, lakini kwa kasha la safari haifai. Vifuko vya jeli ya silika husaidia vikiwa vikavu, kisha hujaa unyevu na kuwa mapambo, hadi vikaushwe tena kwenye joko la nyuzi 120 hivi. Rangi ya kucha iliyopakwa kwenye ncha sikuipenda hata kidogo: inanenepesha makali niliyoyatafuta kwa tupa, na ikipasuka maji huingia kwenye ufa na kukaa humo.

Mtu atauliza kwa nini nisitumie ndoana za feleji isiyoshika kutu, niachane na mafuta yote. Feleji hiyo ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hujijengea utando mpya kila inapokwaruzwa, kwa hiyo kuinoa hakuiachi wazi kama feleji ya kaboni (ingawa tupa iliyokwisha tumika kwenye chuma cha kawaida huacha chembe zake, nazo zikaota kutu juu ya ndoana, basi iwe na tupa yake peke yake). Nilizo nazo za aina hiyo ncha zake hulegea na kupinda mapema kuliko za kaboni. Zaidi ya hayo, samaki akikata mshipi na kuondoka na ndoana isiyooza, atakaa nayo muda mrefu mno. Nchini Marekani, wavuvi wa samaki wa miambani katika Ghuba ya Meksiko waliwekewa mwaka 2008 sharti la kutumia ndoana za duara, yaani zile ambazo ncha yake imepinda kurudi kuelekea shina, zisizo za feleji hiyo wanapovua kwa chambo cha asili, na mimi naliona jambo hilo kuwa la haki kwa samaki. Ndoana inayoshika kutu ina wema wake. Kazi yetu ni kuizuia isishike kutu ikiwa bado mikononi mwetu.

Kwa matumizi hayo, yaani kulinda ncha iliyonolewa kati ya safari na safari, baada ya kusuuzwa na kukaushwa, naipa lanolini ya kopo nafasi ya kwanza kati ya vyote nilivyojaribu. Kopo dogo linatosha kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotarajia, kwa kuwa ndoana huhitaji utando mwembamba tu, ule wa kuufanya uso wa chuma ung'ae bila kuonekana mzito. Isitarajiwe kufufua ndoana ambayo imekwisha kuchimbwa vishimo na kutu. Hiyo huipiga tupa hadi chuma kiwe cheupe kote, na nikiona ncha imefupika ikikaribia kijino, siipaki tena: naikata kwa koleo na kuitupa.