Thor: Ragnarok: mzaha ulipofaa na ulipoharibu

Katika filamu nne za Thor, mungu wa radi wa Wanorse aliyegeuzwa shujaa wa katuni za Marvel na anayechezwa na Chris Hemsworth, zilizotoka kati ya 2011 na 2022, inayobishaniwa kuliko zote ni hii ya tatu, Ragnarok, ya mwaka 2017. Ajabu ni kwamba wanaoisifu na wanaoilaumu wanataja kitu kilekile: mzaha. Mmoja anasema ndio ulioiokoa, mwingine anasema ndio ulioiua. Wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia nusu yake ya filamu.

Takwimu kwanza, maana zinaweka ubishi mahali pake. CinemaScore, kampuni ya Marekani inayokusanya alama za watazamaji ukumbini siku ya kwanza, ilipata A kwa Ragnarok. Thor ya 2011 ilikuwa imepata B+, The Dark World ya 2013 ikapata A-, na Love and Thunder ya 2022 ikarudi B+. Alama hizi zisomwe kwa uangalifu. Anayekwenda sinema siku ya kwanza ni mpenzi wa mfululizo na amekwisha kuamua kufurahi kabla hajakaa kitini, kwa hiyo kwa filamu za aina hii A ni jambo la kawaida na B+ ni malalamiko. Tiketi nazo zilienda hivyohivyo: takriban dola milioni 450 duniani kwa ya kwanza, 645 kwa ya pili, 855 kwa ya tatu, 760 kwa ya nne.

Asiyeiona bado na hapendi kuambiwa mwisho aishie hapa.

Mwongozaji Taika Waititi, Mmaori wa New Zealand, alitoka kwenye filamu ndogo za kuchekesha na aliwaachia waigizaji wabuni maneno papo hapo. Lile tukio la uwanjani, Thor anapomwona shujaa mwenzake Hulk, jitu la kijani, anatokea kupigana naye na kumshangilia kwamba wanafahamiana kazini, lilitokana na pendekezo la mtoto aliyetembelea mahali pa kupigia picha kupitia Make-A-Wish, shirika linalotimiza matakwa ya watoto wagonjwa. Ni mstari unaokumbukwa kuliko hotuba zote za Odin, baba yake Thor.

Sehemu kubwa ya utani wa namna hiyo iko Sakaar, sayari ya jalala ambako takataka za ulimwengu mzima huanguka kutoka angani. Pale mzaha umekaa vizuri kwa sababu sayari yenyewe ni ya mzaha. Rangi zake, nyekundu na samawati na njano zilizokolea, zimetoka kwenye michoro ya Jack Kirby, mmoja wa waliomzaa Thor wa vitabu vya katuni mwaka 1962. Muziki wa Mark Mothersbaugh ni wa vinanda vya umeme kama vya michezo ya video ya zamani. Mtawala wa sayari hiyo, Grandmaster, anayechezwa na Jeff Goldblum, anachukizwa na neno "watumwa" na anataka waitwe wafungwa wenye ajira. Ukicheka hapo unacheka ukatili uliovalishwa adabu, na hilo linajenga hadithi.

Asgard, nchi ya miungu anakotoka Thor, ni habari nyingine. Hela, dada mkubwa wa Thor na adui wa filamu hii, anapowasili, Volstagg na Fandral, waliokuwa marafiki wa Thor tangu filamu ya kwanza, wanauawa kwa sekunde chache bila kusema neno la maana. Hogun, rafiki wa tatu, anapata muda kidogo zaidi, kisha naye anakwenda. Thor mwenyewe haoneshwi akiwaulizia wala kuwalilia hadi mwisho. Sif, mpiganaji wa kike wa kundi hilohilo, hayumo kabisa. Hili ndilo lalamiko la wapenzi wa zamani, na ni la haki: filamu ilitaka kuanza upya, ikafagia nyumba pamoja na waliomo.

Lalamiko la pili linahusu dakika ya kuangamia kwa Asgard. Watu wako ndani ya meli, wanatazama nchi yao ikiwaka. Korg, jitu la mawe ambalo sauti yake ni ya Waititi mwenyewe, anawafariji kwamba maadamu msingi umesalia wataweza kujenga tena. Papo hapo msingi nao unalipuka, naye anaomba radhi. Ukumbi hucheka, kweli. Lakini Thor ametoka kukubali kuiteketeza nchi aliyozaliwa ili watu wake wapone, na uamuzi huo haupewi hata pumzi mbili. Ungewekwa baada ya kimya kidogo, mzaha uleule ungechekesha zaidi na uchungu ungebaki.

Ukitaka uthibitisho kwamba tatizo ni mahali mzaha unapowekwa, itazame Love and Thunder. Mwongozaji ni yuleyule, Hemsworth ni yuleyule, na utani ni wa mkono uleule. Safari hii, hata hivyo, hadithi inamhusu Jane Foster anayeugua saratani na Gorr, baba aliyefiwa na binti yake jangwani. Hakuna Sakaar ya kubeba vichekesho, vikamwagwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mbuzi wawili wanaopiga mayowe huchekesha mara ya kwanza, mara ya nne unatafuta rimoti. Na mbuzi hao si ubunifu wa Hollywood. Katika masimulizi ya Kinorse, yaani ya Skandinavia ya kale, gari la Thor linakokotwa na mbuzi wawili ambao anaweza kuwachinja na kuwala jioni, kisha asubuhi akawafufua kwa nyundo yake, ilimradi mifupa ibaki mizima. Kijana mmoja akavunja mfupa wa paja apate uboho, na mbuzi mmoja akaamka akichechemea. Kisa kizima kimo humo, cha kuchekesha na chenye adhabu ndani yake. Filamu ikachukua mayowe tu.

Kundi la tatu la watazamaji ni la waliosoma masimulizi hayo, yaliyohifadhiwa hasa na Snorri Sturluson wa Iceland mnamo karne ya 13 na katika mashairi ya kale kama Völuspá. Hao hukaa na orodha ya makosa. Loki si ndugu wa kulelewa wa Thor. Ni ndugu wa kuchanjia damu wa Odin. Laufey, ambaye filamu ya kwanza ilimfanya mfalme wa majitu na baba yake Loki, kwenye masimulizi ni mama yake. Hela si mzaliwa wa kwanza wa Odin, ni binti wa Loki, na mbwa mwitu anayepigana upande wake ni kaka yake. Thor ana ndevu nyekundu. Kosa hilo la mwisho halikumkera mtu kwenye filamu ya kwanza, ambayo Idris Elba alipewa nafasi ya Heimdall, mlinzi wa Asgard, na watu wakalalamika kwamba Heimdall anatajwa kuwa mweupe kuliko miungu wote. Uaminifu wa kuchagua huo. Katika Ragnarok, Elba ndiye anayewaficha raia mlimani na kuwavusha, na ndiye mwenye heshima kuliko wote kwenye nusu ya Asgard.

Badiliko kubwa zaidi ni la mwisho wenyewe. Mtazamaji aliyekua akijua kwamba steringi hafi atashangaa akisoma asili. Odin anamezwa na mbwa mwitu Fenrir. Thor anamuua nyoka anayeizunguka dunia, anapiga hatua tisa, anaanguka kwa sumu. Heimdall na Loki wanauana. Surtr, jitu la moto ambalo filamu inaliita Surtur, anaichoma dunia. Baadaye nchi inaibuka tena baharini ikiwa mbichi, na wana wawili wa Thor wanarithi nyundo. Filamu imebakiza Surtur na moto, ikamtoa Thor salama akiwa amepoteza jicho kama baba yake. Ni hasara, kwa sababu hatua tisa zile zingekuwa tukio la sinema lisilosahaulika. Lakini wazo lililowekwa badala yake lina nguvu: steringi anaacha kuizuia siku ya mwisho, anaiwasha yeye, kwa kuwa adui anapata nguvu zake kutoka Asgard yenyewe.

Hapo ndipo filamu inapostahili sifa ambazo watazamaji wengi huzisahau kwa sababu ya vicheko. Hela, anayechezwa na Cate Blanchett, anaingia ukumbi wa kifalme na kuubomoa mchoro wa dari unaomwonesha Odin akiwa mfalme wa amani. Chini yake kuna mchoro wa zamani: Odin na binti yake wakiteka milki kwa upanga. Anauliza dhahabu yote ile ilitoka wapi. Mwongozaji anayetoka katika watu waliotawaliwa hakuiweka dari ile kwa bahati. Kisha Asgard inateketea na watu wake wanakuwa wakimbizi melini. Udhaifu ni kwamba Hela anakaa muda mrefu bila kazi, akisubiri Thor amalize mambo ya Sakaar. Filamu inaruka huku na huku, na kila inaporudi Asgard mwendo unapungua.

Wimbo wa Led Zeppelin, kundi la roki la Uingereza, uliotungwa baada ya kundi hilo kuzuru Iceland mwaka 1970, unatumika mara mbili: mwanzoni dhidi ya Surtur na mwishoni kwenye daraja la Asgard. Mara ya pili ndiyo inayolipa, Thor anaposhuka na radi bila nyundo.

Kwa anayeitazama sasa: dakika ni 130. Tazama kwanza Thor ya 2011, kisha Avengers: Age of Ultron ya 2015, la sivyo hutaelewa Hulk alifikaje mbali hivyo. The Dark World unaweza kuiruka ukijua jambo moja tu, kwamba inaisha Loki akiwa amekaa kwenye kiti cha Odin kwa sura ya Odin. Dakika chache na Doctor Strange, mchawi wa Marvel, zinaeleweka hata bila filamu yake. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri: Korg anaongea kwa sauti ya chini na lafudhi ya New Zealand, Goldblum anamumunya maneno, na robo ya vichekesho iko hapo. Nakala za mtaani zilizorekodiwa ukumbini hazifai, kwa sababu kumbukumbu ya Valkyrie, mpiganaji wa kike wa Asgard, iliyopigwa kwa mwendo wa polepole sana huku mwanga ukizunguka, inageuka matope. Watoto chini ya miaka kumi wataogopa wafu wanaofufuliwa na Hela, na jicho linatolewa waziwazi.

Majina yakianza kupita usizime. Kuna vipande viwili: cha kwanza, meli kubwa inayojitokeza mbele ya wakimbizi, ndicho kinachofungua Avengers: Infinity War. Cha pili ni Grandmaster anatania na waasi, na ukikikosa hujapoteza kitu.