TAHADHARI: Hakuna "Tiketi Moja, Kisumu Yote". Tumeliwa 48,300

Jamani, kama kuna mtu amewatumia lile bango la "Tiketi Moja, Kisumu Yote", msilipe hata shilingi. Sisi tumeshalipa. 48,300 zimeenda, na ni za akina mama 14 wa Nakuru waliokuwa wanakuja kutembea Kisumu. Pesa inauma, lakini aibu inauma zaidi, kwa sababu mgeni akitaka kuzunguka Kisumu hutuuliza sisi, na safari hii ni sisi tuliojibu, "Huyo lipeni tu, mambo yake yako sawa."

Bango lilisema hivi: mtu mmoja 3,200. Ndani yake kuna Impala Sanctuary (hifadhi ya wanyama), Makumbusho ya Kisumu, boti kutoka ufuo wa Dunga hadi kisiwa cha Ndere, mawe ya Kit Mikayi, Hippo Point, na samaki mzima wa mchana. Kuanza saa mbili asubuhi, kumaliza saa kumi jioni. Watu 14, kwa hivyo 44,800. Nusu mapema, nusu siku yenyewe.

Mtauliza tulimwamini vipi huyo mwenye bango. Tulimwamini kwa sababu alianza na jambo la kweli. Alituambia langoni kwa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) hawapokei pesa taslimu, malipo yote ni kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), na mgeni asiyejua hilo hufika akabaki pale nje akihangaika na simu. Ni kweli kabisa! Akasema mwananchi ana bei yake na mgeni wa nje ana yake, kwa hivyo anahitaji nambari za vitambulisho. Hilo nalo ni kweli. Mtu akikwambia mambo mawili ya kweli unayoyajua, la tatu unalimeza bila kutafuna. La tatu lilikuwa: "Mimi nina akaunti ya wakala, nawalipia wote mara moja, mnapata tiketi moja ya sehemu zote."

Sasa tazameni ilivyokwenda. Alhamisi, saa moja na robo usiku. Anatuma nambari ya Till (ile ya kulipia biashara kwa M-Pesa). Tunaiingiza, 22,400, M-Pesa inatoa jina kabla ya kuthibitisha, kama kawaida. Jina linalokuja ni la duka la vipodozi. Vipodozi! Hapo ndipo kidole kilipaswa kusimama. Badala yake tukampigia simu, akacheka kwa upole kabisa, akasema, "Hiyo ni Till ya bibi yangu, ya kampuni iko kwa marekebisho hadi Jumatatu, msijali wakubwa wangu." Tukarudi kwenye simu tukaweka PIN. Baada ya dakika nne ikaingia faili ya PDF: nembo ya serikali juu, majina yote 14 yameandikwa vizuri, msimbo wa QR chini kulia, na maneno "IMELIPWA" kwa rangi ya kijani. Tukaisambaza kwa kila mtu na neno "karibuni Kisumu".

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari liko njiani, anapiga yeye mwenyewe. Nusu iliyobaki itumwe kabla ya saa moja la sivyo "mfumo unafunga", halafu kuna 250 kwa kila mtu za jaketi za kuokoa maisha, ambazo "serikali imeongeza juzi". 250 mara 14 ni 3,500. Tukatuma 25,900 kwa mkupuo. Hakuna aliyeuliza kwa nini jaketi hazikuwa ndani ya 3,200 tangu mwanzo.

Lango la Impala, saa mbili na dakika kumi. Akina mama wameshuka, vitenge sare, kofia, vikapu. Karani anachukua simu, anaelekeza mashine kwenye msimbo, hakuna kitu. Anajaribu tena. Anatuuliza kwa adabu tuufungue kwa simu nyingine tuone unakwenda wapi. Tukaufungua. Ikatokea picha ya flamingo. Flamingo basi, ndege waridi wamesimama majini, hakuna jina, hakuna risiti, hakuna nambari ya malipo. Mama mmoja kutoka Nakuru akachungulia juu ya bega na kusema, "Hawa si ni wetu?" Tulipiga simu mara ya kwanza ikaita hadi ikakatika. Mara ya pili: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Hadi leo hapatikani.

Haya, tuseme lile ambalo lingetuokoa, na ambalo tulilijua siku zote ila halikutujia kichwani siku ile. Tiketi moja ya Kisumu yote HAIWEZI kuwepo, kwa sababu sehemu hizi si za mwenye mmoja. Impala Sanctuary na Ndere ziko chini ya KWS. Makumbusho, pale kwenye barabara ya kwenda Kericho, yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, taasisi nyingine kabisa yenye malipo yake. Kit Mikayi iko Seme, kando ya barabara ya Bondo, na ada yake hulipwa palepale. Boti za Dunga ni za wenye boti, chini ya BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo. Hippo Point kuona jua likizama hakuhitaji kibali cha mtu. Hata pale ambapo malipo yote mawili yanapitia eCitizen, KWS na makumbusho hutoa risiti mbili tofauti. Karatasi ikikuonyesha Impala na Makumbusho kwenye risiti moja, imechapishwa sebuleni kwa mtu.

Na ratiba yenyewe ilikuwa inapiga kelele. Ndere haiko karibu na Dunga kama inavyoonekana kwenye ramani ya simu. Iko upande wa Seme, kaskazini mwa ghuba, na kwa boti ya injini ya nguvu za farasi 15 au 25 iliyojaa watu unahesabu zaidi ya saa moja kwenda tu, kabla hujakanyaga kisiwa. Kurudi ni mchana, na mchana upepo wa ziwani umeamka. Asubuhi maji yametulia kama sahani, saa nane yanarusha boti. Ongeza gugumaji: likisukumwa na upepo linaziba njia ya ufuo, majani yanazonga panga za injini, na nahodha analazimika kuzima, kuinua injini, kuyatoa kwa mkono na kuanza upya. Kuna siku boti hukwama humo kwa saa kadhaa. Mtu anayekuahidi Ndere, Kit Mikayi, Impala, Makumbusho na chakula kwa saa nane hajawahi kupanda boti Dunga. Ndere na Kit Mikayi zote ziko upande wa Seme; anayejua kazi huziweka siku moja, kwa barabara hadi ufuo wa Seme, na mjini siku nyingine.

Kwa wale bado mnataka kuja, na mje, mji hauna kosa, fanyeni hivi. Impala na Ndere, lipa mwenyewe eCitizen kwa akaunti yako, beba kitambulisho ulichotumia, na bei isome hapohapo siku unayolipa. Msichukue bei ya bango la mwaka jana. Kama unalipa kwa Paybill ya serikali ni 222222, na nambari ya akaunti huipata baada ya kujaza ombi lako mwenyewe. Kiungo ukitumiwa, usiangalie mwanzo wake. Tafuta mkwaju mmoja (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma: lazima ukutane na ecitizen.go.ke. Kiungo cha huyo wa bango kilikuwa na neno "ecitizen" mwanzoni kabisa, halafu mkia wa ajabu usio na go.ke. Tulisoma mwanzo tukaridhika.

Boti, shuka Dunga mwenyewe. Uliza ofisi ya BMU, wakuonyeshe boti, angalia nambari ya usajili iliyopakwa ubavuni, halafu patana: ni kwa boti nzima au kwa kichwa, ni muda gani, mafuta ni ya nani. Lipa nusu ukipanda, nusu ukishuka. Jaketi huvaliwa ufuoni, si katikati ya maji. Vuta mikanda, funga kifungo, muombe mtu aiinue kwa mabega. Ikipanda hadi masikioni ni kubwa mno au kifungo kimekufa, rudisha upewe nyingine. Ziada ya jaketi hakuna, ni sehemu ya boti. Kwa viboko na ndege wa mafunjo, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Ukienda saa saba utaona jua na gugumaji tu.

Samaki nao: chagua mwenyewe akiwa mbichi, inua shavu uone wekundu, jicho liwe limejaa na linang'aa, na uulize bei kabla hajatiwa mafutani. Ngege wa kukaanga akishafika mezani, bei ni ya mwenye sufuria.

Turudi kwa huyu mwizi. Mwizi, ndiyo, tusimwite "tapeli" kana kwamba ni fundi. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinampa hadi miaka 3 kwa kupata mali kwa udanganyifu, na mimi naona ni midogo. Akae ndani, kisha akitoka apewe kazi ya kung'oa gugumaji pale Dunga kwa mikono, bila glavu, bila 250 ya jaketi. Na wale mliosambaza bango lake kwenye stetasi kwa kamisheni ya 100 kwa kichwa, mnajijua, na nyinyi mkaandikishe taarifa. Msiseme hamkujua. Akina mama wazima wamesimama juani saa nzima langoni, wengine wana presha, halafu wewe umekula mia yako ukalala! Ripoti iko kituoni, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) tunayo.

Dalili, kwa haraka, maana hasira imenipeleka mbali. Jina la Till halifanani na biashara. Haraka ya "mfumo unafunga". Ziada inayozaliwa asubuhi ya safari. Flamingo kwenye bango la Kisumu, na kiboko anayepiga miayo nyuma yao. "Jua likichomoza Hippo Point" wakati kila mtu huenda pale jioni. Hana leseni: kampuni ya kutembeza watalii hutakiwa kuwa na leseni ya TRA (mamlaka ya kudhibiti utalii ya Kenya), mwombe picha yake na nambari, atakwambia iko kwa gari. Yapo mengine, nitakumbuka.

Moja ninaloogopa kuliko pesa ni vitambulisho. Alichukua picha za mbele na nyuma za watu 14. Yeyote aliyemtumia, piga *106# sasa hivi uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona nambari usiyoijua, nenda duka la kampuni ya simu ya laini hiyo ukafungiwe kabla haijakopa kwa jina lako. Kama umelipa leo na bado ni moto, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe pesa irudishwe. Wakishaitoa kwa wakala, umechelewa. Nambari yake na jumbe zake zipelekwe 333, bila malipo.

Na kama wewe pia umeliwa, usifute kitu kwa aibu. Ujumbe wa M-Pesa wenye msimbo wa muamala, PDF, mazungumzo, yote yabaki yalivyo kwenye simu, skrinshoti peke yake haitoshi. Niandikie pembeni, tunarudi kituoni Jumatano asubuhi, na nyuso zikiwa nyingi OB hiyo haitalala.