Maji ya dripu kwa tundu jipya la sikio na pua: uzoefu wangu

Ninachokizungumzia hapa ni normal saline, yale maji ya dripu yenye chumvi asilimia 0.9 ambayo karibu kila duka la dawa linayo, kwenye chupa ya plastiki ya mililita 500. Nimeyatumia kwa tundu la gegedu, juu kabisa ya sikio, na kwa tundu la kipini puani. Hukumu yangu naitoa mapema: maji yenyewe ni mazuri mno na sijaona cha kuyazidi kwa kazi hii, ila chupa ile kubwa haifai. Yaleyale yakiwa kwenye ampuli ndogo za plastiki za mililita 10, vile vichupa vya kuzungusha kichwa na kutumia mara moja, ndiyo ninayompendekezea yeyote aliyetoga juzi.

Uzuri wake uko kwenye kipimo. Lita moja ina gramu 9 za chumvi, basi, hakuna kingine. Kiasi hicho kinalingana na chumvi iliyomo katika majimaji ya mwili, kwa hiyo yakigusa kidonda hayavuti maji kutoka kwenye seli changa wala hayaziingizii maji zikavimba. Yanalainisha kilichokauka, yanasukuma uchafu nje, halafu yanaondoka. Hayaui vijidudu, na sitaki mtu ayanunue akidhani yanaua. Kidonda safi chenye hewa na damu inayozunguka vizuri kinajitetea chenyewe. Tunachotakiwa kufanya ni kutokikwamisha.

Wengi huuliza kwa nini wasikoroge chumvi ya jikoni. Tatizo ni mkono. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kina takriban gramu 6. Ukikitia kwenye kikombe cha mililita 250 unapata zaidi ya asilimia 2, na aliyetia kijiko cha chakula amevuka chumvi ya bahari, ambayo ni kama asilimia 3.5. Kila siku ngozi inanyonywa maji, inakauka, inapasuka pembeni ya hereni, mtu anaona kidonda kimechafuka na kuongeza chumvi. Hapo ndipo mengi yanapoharibikia. Anayelazimika kukoroga, kwa sababu duka la dawa liko mbali, achukue nusu lita ya maji yaliyochemka vizuri, atie robo tatu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, aache yapoe yakiwa yamefunikwa, ayatumie siku hiyohiyo na kumwaga yanayobaki. Hayo yatakuwa safi, lakini hayatafikia usafi wa yaliyotoka kiwandani.

Dukani soma lebo mwenyewe. Chupa za dripu zinafanana kama mapacha, na nyingine ni za sukari. Unayoitaka imeandikwa Sodium Chloride 0.9% bila neno la pili. Ukiona herufi DNS, hiyo ina chumvi pamoja na glukosi, na kumwagia kidonda sukari ni kuwaandalia bakteria chakula. Ukiona Ringer, dripu yenye chumvi za aina nyingine pia, rudisha. Ampuli nazo zina mtego wake: zipo za maji matupu ya kuyeyushia dawa za sindano, zina umbo lilelile na ujazo uleule, lakini hazina chumvi kabisa. Matone ya pua ya watoto na maji ya lenzi za macho nayo yana chumvi, ila mara nyingi yametiwa kihifadhi, na kihifadhi hicho kikigusa kidonda mara mbili kwa siku kwa miezi kinawasha.

Sasa kuhusu chupa. Maji haya hayana kihifadhi chochote. Ukishaifungua, hewa na mikono vimeingia, na baada ya saa 24 huwezi tena kuyaita safi hata kama yanang'aa. Tundu moja linahitaji mililita 10 kila unapoosha, yaani 20 kwa siku. Zinazobaki 480 ni za kumwaga. Watu hawamwagi. Wanaiweka dirishani bafuni wiki tatu, wanachovya pamba, wanarudisha kifuniko. Mwaka 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, watu kadhaa waliotogwa gegedu kwenye kibanda kimoja cha vito walipata maambukizi mabaya ya bakteria aitwaye Pseudomonas, na uchunguzi ulimkuta bakteria yuleyule kwenye chupa ya dawa ya kunyunyizia iliyokuwa ikitumika pale. Ilikuwa dawa ya kuua vijidudu, na bado ikabeba ugonjwa. Maji matupu ya chumvi yana kinga gani? Kama hakuna ampuli na ni lazima ununue ile kubwa, usikate mdomo wake. Futa kizibo cha mpira kwa spiriti, kiache kikauke, vuta kwa bomba jipya la sindano la mililita 10 kiasi cha asubuhi na cha jioni, na kesho yake ifungue nyingine. Hesabu ya fedha itakuonyesha haraka kwa nini ampuli ni nafuu.

Ipo pia ya kopo la kunyunyizia, ile ya gesi, inayoagizwa kutoka nje. Ni nzuri kweli, kwa sababu maji yanatoka bila hewa kuingia, na kopo moja linakaa muda mrefu. Bei yake ni mara kadhaa ya ampuli. Mwenye nacho anunue, ila ahakikishe orodha ya viambato ni maji na chumvi tu.

Namna ya kuosha. Nawa mikono kwa sabuni, chini ya kucha pia. Shika ampuli kiganjani dakika moja ipate joto la mwili, maana maji baridi kwenye gegedu yanauma bure, na mtoto mchanga atatikisa kichwa. Zungusha kichwa cha ampuli kikatike. Lowesha kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kilichokunjwa mara nne, kibandike mbele ya tundu na kingine nyuma, ushikilie dakika 3 hadi 5. Usisugue. Utaona kigaga cha rangi ya manjano kinageuka kama ute wa yai na kutelezea kwenye gozi chenyewe. Kikigoma, kiache, jioni kitatoka; kigaga kinachong'olewa kikavu kinaondoka na ngozi mpya iliyoshikamana nacho. Mimina kilichobaki kwenye ampuli kikapite mbele na nyuma ya hereni. Halafu kausha, na hapa nasisitiza, kwa sababu hatua hii ndiyo inayorukwa. Chukua gozi kavu au karatasi ya jikoni, bonyeza taratibu pande zote. Maji ya chumvi yakikaukia hapo yanaacha chembe ndogo nyeupe zinazokwaruza, na unyevu uliojificha nyuma ya kishikizo hulainisha ngozi mpaka inaota kinyama. Pamba ya kawaida usitumie: nyuzi zake hujisokota kwenye shina la hereni na kubaki ndani.

Kwa puani, kunja ncha ya gozi iliyolowa, iingize kidogo tu, uishikilie. Anayetawadha mara tano kwa siku asihofu maji kupita puani. Alichonacho ni kazi ya kukausha kila baada ya udhu, upande wa nje na wa ndani.

Hereni haizungushwi. Najua mama zetu na mashangazi walituambia tuizungushe isigande, wakatia uzi au njiti ya ufagio na mafuta ya nazi. Tundu linapona kama bomba: ngozi mpya inaota kutoka ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, ikikutana katikati mwisho kabisa. Kila unapozungusha, vigaga vya nje vinaingizwa ndani na kuichana ngozi hiyo changa. Ndiyo maana pia nje huonekana pamepona wakati ndani bado ni kidonda. Mafuta, iwe ya nazi au mgando, yanaziba tundu na kufungia ute ndani. Spiriti na hidrojeni peroksaidi zinaua vijidudu pamoja na seli zinazojenga. Dawa ya meno, manjano, majivu, unga wa kidonge cha antibiotiki kilichosagwa, hivi vyote nimeona watu wakiviweka, na kila kimoja kinaacha chembe ambazo mwili utahangaika kuzitoa.

Maji mazuri hayataokoa hereni mbaya, na hili niliseme wazi kwa sababu watu huyalaumu maji. Hereni ya kwanza iwe titani ya kiwango cha kuwekwa mwilini, ASTM F136, au dhahabu ya karati 14 isiyo na nikeli. Chuma kinachoitwa cha upasuaji kina nikeli ndani yake, na mwenye mzio atawashwa miezi yote akidhani ni uchafu. Shina la gegedu liwe nene milimita 1.2 hivi na lenye urefu wa ziada, kwa kawaida milimita 8, ili uvimbe wa wiki za mwanzo upate nafasi. Baada ya wiki 4 hadi 8 rudi kwa aliyekutoga akuwekee fupi zaidi, maana shina refu linaloyumba linapindisha tundu. Aliyetogwa kwa bunduki kwenye gegedu yuko kwenye hali ngumu zaidi: hereni butu imesukumwa kwa nguvu badala ya sindano kukata, kishikizo cha kipepeo kimebana pande mbili, na bunduki nyingi za plastiki haziwezi kuingia kwenye joto la nyuzi 121 la mashine ya kutakasa vifaa. Kishikizo hicho kikianza kuzama kwenye nyama, nenda hospitali siku hiyo.

Maisha ya kila siku nayo yanahesabiwa. Ushungi unaobana sikio, kofia ya pikipiki, simu, mto usiofuliwa, vyote vinasugua palepale. Lalia upande mwingine, au tumia mto wa shingo wa wasafiri na kuacha sikio lining'inie katikati ya tundu lake. Ukienda kusuka, mwambie msusi asipake jeli wala dawa ya kulainisha nywele karibu na sikio. Bahari iache mpaka tundu lipone. Chumvi yake si dawa, na maji ya ufukweni yana mengi zaidi ya chumvi.

Ute mweupe au wa manjano hafifu usio na harufu, unaokauka kuwa kigaga, ni wa kawaida hata mwezi wa tatu. Usaha ni mzito, wa kijani au kijivu, unanuka, na unakuja na maumivu yanayoongezeka. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Angalia kama ngozi inang'aa na kuvutika, na uweke mgongo wa mkono ulinganishe joto na sikio la pili. Gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na utando unaolifunika, kwa hiyo usaha ukijaa kati yao linakufa na sikio linajikunja milele. Sehemu ya juu ya sikio ikivimba, ikawa moto na inauma hata kuigusa, muone daktari siku hiyohiyo. Amoxicillin ya kununua mwenyewe haimgusi Pseudomonas, na siku unazoipa nafasi ndizo zinazopoteza sikio. Usivue hereni kabla hujaonwa. Tundu likijifunga, usaha unabaki ndani.

Kinundu kidogo laini kilicho kandokando ya tundu, kinachovimba na kupungua, kwa kawaida ni cha kusuguliwa. Rekebisha hereni, kausha vizuri, kipe wiki kadhaa. Keloidi hukua polepole kwa miezi, ni ngumu kama mpira, inavuka mipaka ya tundu na hairudi nyuma. Ukiwa na keloidi mwilini, au nyumbani kwenu zipo, zungumza na daktari wa ngozi kabla ya kutoga, kwa sababu hakuna maji ya kuosha yanayoizuia.

Kwa watoto wachanga maji ni yaleyale na kipimo ni kilekile. Ningesubiri tu chanjo zenye kinga ya pepopunda, za wiki ya 6, 10 na 14, zikamilike kwanza.

Kununua: ndewe, ile nyama laini ya chini, hupona wiki 6 hadi 8, pua miezi 4 hadi 6, gegedu miezi 6 hadi 12, na kitovu vivyo hivyo. Huhitaji kuosha mara mbili kwa siku muda wote huo. Mimi naosha mara mbili kwa siku katika wiki 4 za mwanzo, ampuli 56 kwa tundu moja, kisha mara moja kwa siku mpaka vigaga vikome, na baadaye ni pale tu ninapoona kigaga. Omba boksi lisilofunguliwa, angalia tarehe ya kuisha, na bonyeza kila ampuli kabla ya kuilipia: inayovuja tone kwenye kichwa cha kuzungusha imeshafunguka.