Uzoefu wangu na Bloomburrow: seti ya kuchezea, si ya kuchania pakiti

Bloomburrow ni toleo la mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering lililotoka tarehe 2 Agosti 2024. Ukinunua ili ukae mezani na wenzako, utaridhika. Ukinunua ili uchane pakiti ukisaka kadi ya kuuza, hesabu itakukataa mapema.

Humu hakuna binadamu. Ni bonde la wanyama wadogo, koo kumi, na kila ukoo una rangi zake mbili kati ya rangi tano za mchezo. Panya ni nyeupe na nyekundu, sungura nyeupe na kijani, popo nyeupe na nyeusi, ndege nyeupe na bluu. Mijusi wamepewa nyeusi na nyekundu, kindi nyeusi na kijani, vyura bluu na kijani, fisi maji bluu na nyekundu, rakuni nyekundu na kijani. Ukoo wa kumi ndio unaotutesa sisi wenye Kiswahili: kadi zinatenganisha Mouse na Rat, na kwetu wote ni panya tu. Wale wa bluu na nyeusi waiteni panya buku tangu mwanzo, maana kadi inayomsaidia Mouse haimgusi Rat, na ubishi wa hapo hauishi.

Pakiti ya Play Booster, ile ya kawaida ya kuchezea, ina kadi 14: 7 za kawaida (ya saba mara chache sana hupisha kadi ya zamani iliyorudishwa kama mgeni maalumu), 3 za daraja la kati, 1 adimu, 1 ya daraja lolote, 1 ya kung'aa, na ardhi 1 (kadi inayokupa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine). Boksi ni pakiti 36. Njia tamu zaidi ya kulitumia ni draft, na sisemi ile drafti ya vizibo vya soda. Kila mtu anapata pakiti 3, anafungua moja, anachagua kadi moja, anampitishia wa kushoto zilizobaki mpaka ziishe. Pakiti ya pili inazungushwa kulia, ya tatu kushoto tena. Boksi moja linatosha watu 12. Mwisho unajenga deki, yaani fungu lako la kuchezea, ya kadi 40. Mimi huweka ardhi 17, au 16 kama deki ni ya panya au mijusi wenye kadi za mana chache.

Kosa la wengi ni kuchagua mnyama kabla ya rangi. Unachukua panya mzuri kwenye chaguo la kwanza, unaapa kuwa wewe ni mtu wa panya, kumbe aliyekaa kulia kwako naye ni wa panya na ndiye anayekupitishia pakiti ya kwanza na ya tatu. Unabaki na makombo. Shika rangi moja iliyo wazi kwa chaguo nne au tano, kisha uangalie ni ukoo gani unaokuja umechelewa. Ukiwa na nyeupe bado una njia nne: panya, sungura, popo, ndege. Bluu kwa maoni yangu ndiyo dhaifu humu. Vyura na fisi maji wanahitaji vipande vingi vikutane ndipo wafanye kazi. Na hapa ndipo lawama yangu kwa seti hii ilipo: koo zimechorewa reli. Deki ya kuchanganya wanyama ovyo mara nyingi hufa, kwa hiyo baada ya draft kumi unaanza kuona mechi zilezile.

Kwa kasi hakuna anayewafikia panya. Zamu ya kwanza unaweka Heartfire Hero, panya wa mana moja, 1/1 (nguvu 1 ya kupiga, uhai 1). Zamu ya pili unaweka Manifold Mouse, ambaye mwanzoni mwa pambano anamlenga panya mmoja na kumpa mapigo mawili. Kule kulengwa tu kunaamsha uwezo wa Hero unaoitwa valiant: anaongezewa kaunta, yaani alama ya kudumu, ya +1/+1, anakuwa 2/2, anapiga mara mbili. Madhara 4 kwenye zamu ya pili. Zamu ya tatu analengwa tena, anakuwa 3/3. Ongeza Might of the Meek ya mana moja, anafika 4/3 mwenye kuvuka vizuizi (madhara yanayomzidi anayemzuia yanamfikia mpinzani), na hayo ni 8 mengine. Angalia lakini: Might haikumpa kaunta ya pili, kwa sababu valiant inahesabu mara ya kwanza tu katika kila zamu, tena kwa kadi au uwezo wako mwenyewe. Wengi wanakosea hapo. Ukiwa upande wa pili, mwue Hero akiwa bado 1/1, kwa sababu akifa anampiga mpinzani wake sawasawa na nguvu aliyonayo. Tarehe 30 Juni 2025 alipigwa marufuku kwenye Standard, mashindano yanayoruhusu seti za karibuni tu, kwa hiyo usimnunue kwa deki ya mashindano hayo.

Uwezo mwingine wa seti hii ni Offspring: ukilipa mana ya ziada, kiumbe anakuja na nakala yake ya 1/1. Nakala ina uwezo wote wa mzazi, kwa hiyo walipie zaidi wale wanaofanya jambo wanapoingia. Spelo, yaani kadi unayoicheza, ikizimwa na mpinzani kabla haijaingia, mtoto hapatikani. Mzazi akiuawa akishaingia, mtoto anakuja vilevile. Gift, yaani zawadi, nayo inawaogopesha wageni kwa sababu unampa mpinzani kadi au samaki wa 1/1 ili kadi yako ifanye zaidi. Mara nyingi inafaa kutoa, na spelo ikizimwa zawadi haitolewi.

Anayeanza kabisa achukue Starter Kit: deki mbili za kadi 60, sungura na fisi maji, tayari kuchezwa. Aliyezoea Commander, aina ya mchezo huu wa deki za kadi 100, ana deki nne za kuchagua. Collector Booster, pakiti za bei kubwa za wakusanyaji, ziache kwa wenye hela ya kuchezea.

Kadi za kung'aa hupinda kwenye unyevu, kwa kuwa karatasi inanywa maji na tabaka la juu halinywi. Kadi ni milimita 63 kwa 88. Ziingize kwenye mifuko yake, uzifungie kwenye boksi pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Ukinunua kadi moja moja, kadi adimu lazima iwe na alama ndogo ya yai inayometa chini katikati. Halafu igeuze, uitazame ile duara ya kijani kwa lenzi ya kukuza: ndani yake kuna nukta nne nyekundu zilizopangwa kama herufi L. Zikikosekana, rudisha kadi kabla hujatoa hela.