Bima ya mbwa na nyonga za kurithi: walikataa, nikakata rufaa, wakalipa

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne kama wasingeniliza chooni kazini kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi.

Jina la kampuni silitaji. Masharti yaliyonikwaza mimi utayakuta kwa kampuni nyingi, maneno tu ndiyo yamebadilishwa.

Naishi Minnesota, nahudumia wazee, zamu ya usiku. Oktoba 2021 watoto walishinda kesi yao ya kudai mbwa, iliyodumu mwaka mzima, tukanunua German Shepherd wa wiki nane. Kwetu Muheza mbwa ni wa kulinda boma. Anakula ukoko, analala nje, akiumwa atajijua. Huyu tulimwita Askari, ingawa mpaka leo adui yake ni mmoja tu, mleta barua. Mama nilipomwambia kwamba nimemkatia mbwa bima ya matibabu, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Na mjomba wako je, mwanangu, yeye atakatiwa lini?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Bima yenyewe niliikata kwa woga. Kazini kila siku namwinua mtu aliyebadilishiwa nyonga, najua maumivu yake na najua bei yake. Na German Shepherd, kama Labrador, Golden Retriever na Rottweiler, wanajulikana kwa tatizo hilo. Kichwa cha mfupa wa paja hakishikwi sawasawa ndani ya kikombe cha nyonga, kinachezacheza wakati mbwa anakua, gegedu linalika, na mnyama anapata baridi yabisi ya kizee akiwa bado kijana. Ni la kurithi, ila kunenepa na kukua harakaharaka kunalichochea. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa mbwa anazaliwa nyonga zikiwa hazina kasoro unayoweza kuiona. Ndiyo maana wafugaji makini wanawapiga eksirei wazazi na kupeleka picha OFA, taasisi iliyoanza kazi hiyo mwaka 1966, wapewe daraja la nyonga. Cheti cha kudumu hakitolewi mpaka mbwa afikishe miaka miwili. Mimi sikudai karatasi hizo. Muuzaji alinionyesha picha ya baba yake Askari kavaa medali, nami nikaridhika na medali.

Mkataba ulianza tarehe 10 Novemba 2021. Dola 54 kwa mwezi. Kila mwaka dola 500 za kwanza natoa mimi, kinachobaki wao wanarudisha asilimia 80, mpaka dola 10,000 kwa mwaka. Magonjwa ya kurithi yamo, imeandikwa kwa herufi nene ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa 14, kwa herufi za kuumiza macho, kulikuwa na mambo mawili niliyoyasoma nikiwa nimeshachelewa. La kwanza, magonjwa ya kawaida yanasubiri siku 14 ndipo yaanze kulipiwa, lakini nyonga na magoti yanasubiri miezi sita. La pili, mguu wa upande mmoja ukiwa na tatizo kabla ya muda huo kwisha, upande wa pili nao unahesabiwa una tatizo hilohilo, hata kama haujawahi kuuma. Miguu imefungwa ndoa.

Kulikuwa na mlango wa kutokea nami sikuuona. Ukimpeleka mbwa kwa daktari mapema, akamkagua viungo na kujaza fomu ya kampuni kwamba hana kasoro, ile miezi sita inafutwa. Fomu ya ukurasa mmoja tu! Kampuni kadhaa zinayo, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Januari 2022 theluji ilikuwa imefika magotini. Askari alikuwa wa miezi mitano. Siku ya chanjo yule dada anayepima uzito aliniuliza kama kuna jipya, nami kwa kupiga soga tu nikamwambia, "Juzi alichechemea kidogo, mguu wa nyuma wa kushoto, kisha ikaisha." Akaandika. Sikumwona akiandika.

Julai alianza kukimbia kama sungura, miguu ya nyuma inaruka pamoja. Ngazi za kwenda chumbani kwa watoto akawa anazitazama kama mlima. Eksirei ikaonyesha nyonga zote mbili hazikai, ya kulia mbaya zaidi. Bili ya siku hiyo dola 640. Nikatuma madai kwa simu kabla sijatoka maegesho, nikijua ile miezi sita ya kusubiri iliisha Mei.

Jibu lilikuja baada ya siku 12: hali iliyokuwepo kabla. Walikuwa wameomba kumbukumbu zote za kliniki, wakaukuta ule mstari wa Januari. Kushoto alichechemea ndani ya kipindi cha kusubiri, kwa hiyo nyonga ya kushoto hailipwi. Na kwa ile ndoa ya ukurasa wa 14, ya kulia nayo hailipwi, milele. Hapo ndipo choo cha kazini kinapoingia.

Mzee mmoja ninayemhudumia, mwanasheria mstaafu, ndiye aliyeniambia nisibishane nao kwa simu bali niombe karatasi zangu nizisome mwenyewe. Nikaomba faili lote, kurasa 31. Wiki mbili baada ya ule mstari kuna ziara nyingine niliyokwishaisahau. Daktari mwenyewe kaandika kwamba ngozi kati ya vidole vya mguu wa nyuma wa kushoto ni nyekundu na ina michubuko kutokana na chumvi ya barabarani, kampa mafuta ya kupaka, viungo vyote kavigusa na kuvikunja, havina maumivu. Chumvi! Ile wanayoimwaga kuyeyusha barafu. Mbwa aliunguzwa vidole, wao wamesoma nyonga.

Daktari aliniandikia barua ya aya tatu bila kunitoza. Niliambatisha kurasa mbili tu, nikapigia mstari sentensi mbili. Wiki tano kimya, kisha barua pepe fupi isiyo na pole: uamuzi umebadilishwa.

Oktoba alibadilishiwa nyonga ya kulia katika hospitali ya rufaa, akiwa na miezi 14. Bili nzima dola 7,385. Kati ya hizo 185 ni ada ya kumwona daktari bingwa, na mkataba wangu haulipi ada ya kumwona daktari, unalipa matibabu tu. Zikabaki 7,200. Zile 500 zangu za mwaka zilikuwa hazijaguswa, maana bili ya eksirei, hata baada ya uamuzi kubadilishwa, mpaka leo inazungushwa, hilo nalo ni sababu ya nyota iliyopungua. Kwa hiyo 6,700, asilimia 80 yake 5,360, ikaingia benki siku ya tisa. Angalia utaratibu wa hesabu kabla hujasaini. Kuna kampuni zinazopiga asilimia kwanza ndipo zitoe zile 500, na kwa bili yangu hiyo ingekuwa dola 5,260. Mia moja imepotea kwa kubadilisha mpangilio tu. Mazoezi ya kwenye maji baada ya upasuaji, mara kumi kwa dola 70, hayamo kabisa mpaka ulipie nyongeza. Nililipa mwenyewe.

Ya kushoto hatujaigusa. Daktari anasema mbwa wengi wanaishi vizuri na nyonga moja mpya, mradi asinenepe. Watoto wamepigwa marufuku kumpa chapati.

Wenye paka msidhani haya hayawahusu. Maine Coon wanapata tatizo hilohilo la nyonga, na Devon Rex wanajulikana kwa pia ya goti kuteleza (wazee wa pwani wanaiita kilegesambwa, sijui aliyeipa jina alikuwa amemwona mbwa gani). Lakini paka wa kuombewa ni Scottish Fold. Yale masikio yaliyokunjwa ambayo kila mtu anayapenda yanatokana na kasoro ya jeni inayodhoofisha gegedu, na gegedu la sikio ndilo hilohilo la kwenye viungo. Sikio lenyewe ndiyo dalili. Dada mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi anaye mmoja. Kampuni yake inalipa magonjwa ya kurithi, ila siku ya kwanza kliniki waliandika "mkia mgumu", na hiyo ikatosha kumfungia mlango. Sasa analipa mfukoni sindano ya Solensia kila mwezi. Ilipitishwa Marekani mwaka 2022 kwa maumivu ya viungo vya paka, na anasema paka wake ameanza tena kupanda dirishani.

Nasikia mambo yanabadilika. Mwaka huohuo wa 2022 NAIC, umoja wa wasimamizi wa bima wa majimbo, ulipitisha sheria ya mfano inayozuia kusubirishwa zaidi ya siku 30 kwa magonjwa na viungo, na inayoitaka kampuni iufute muda huo mbwa akikaguliwa. Ila ni ya mfano, kila jimbo linaamua lenyewe, na mkataba wangu ulisainiwa 2021.

Je, ningekata tena? Ndiyo, ila ningeanza na ile fomu ya viungo wiki ya kwanza, kabla hata ya kununua bakuli. Na kliniki ningesema kweli yote, si kuficha, lakini ningeomba nisomewe kilichoandikwa kabla sijatoka. "Alichechemea" bila sababu ni neno la gharama kubwa sana.

Novemba 2022 walinipandishia mpaka dola 71 kwa mwezi. Mwaka uliofuata 83. Nikiuliza, wananiambia ni umri wake na bei za matibabu mtaani, si madai yangu. Kuhama siwezi, kwa sababu kampuni yoyote mpya itaihesabu nyonga ya kushoto kuwa hali iliyokuwepo kabla, na safari hii watakuwa na haki.