Praat kwa toni za Kiha: inafaa, ila rekebisha mipaka kwanza

Mwanafunzi wa isimu aliyeko Kasulu au Kibondo, anayetaka kuziona toni za Kiha, yaani juu na chini za sauti zinazotofautisha maneno, badala ya kuzikisia kwa sikio, hana haja ya kuhangaika kutafuta programu nyingine. Praat, programu ya kuchambua sauti za usemi, kazi ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ni ya bure. Kwenye Windows ni faili moja tu, unaifungua bila kusakinisha chochote. Ukishaipakua haidai tena intaneti, na hata kompyuta mpakato iliyochoka inaimudu.

Sura yake haivutii hata kidogo. Yanafunguka madirisha mawili. La michoro lifunge, utalihitaji siku ya kuandika tasnifu. Kwenye la orodha ingiza rekodi, bonyeza View & Edit, na utaona mawimbi ya sauti juu, spektrogramu chini (picha ya nguvu ya sauti katika kila masafa), na mstari wa kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti unaopimwa kwa hezi, ukipita juu ya spektrogramu hiyo.

Mstari huo ndio utamu wa Praat na ndio mtego wake. Programu hutafuta kidatu ndani ya mipaka iliyopewa, na mipaka inayokuja nayo ni mipana mno kwa msemaji mmoja. Hapo ndipo inapokosea kwa nusu au kwa maradufu: mama anayeongea kwenye hezi 220 anasomeka 110 katika silabi moja, kisha anarudi 220. Asiyejua ataandika toni ya chini mahali ambapo haipo. Anza na 75 hadi 300 kwa mwanamume na 100 hadi 500 kwa mwanamke, halafu sikiliza upya kila mstari unaporuka ghafla. Sauti za wazee zenye mkwaruzo zitasumbua hata hivyo. Kwa hizo, vuta karibu mawimbi, pima mzunguko mmoja, kisha gawa 1 kwa urefu huo: mzunguko wa sekunde 0.008 ni hezi 125.

Konsonanti sighuna, kama p, t na k, hazina kidatu. Katika umuntu, mstari unakatika kwenye t, na irabu inayofuata huanza juu kidogo kuliko toni yake. Pima katikati ya irabu, na ukichagua maneno ya kurekodi, pendelea yenye m na n. Neno lisitamkwe peke yake, maana mwishoni mwa usemi kidatu hushuka chenyewe. Liweke katikati ya sentensi ileile kwa maneno yote.

Rekodi kwa WAV, hezi 44,100, biti 16, mono. Dakika moja ni kama MB 5. Sauti iliyobanwa na simu haiharibu sana kidatu, lakini ukitaka kupima fomanti za irabu (masafa yenye nguvu yanayotofautisha irabu moja na nyingine) usiiguse. Mvua ikipiga bati, ahirisha tu.

Kasoro inayoudhi ni kwamba Praat haikuhifadhii kazi yenyewe. Alama zote za TextGrid, yaani mipaka na maandishi unayoweka chini ya mawimbi, ziko kwenye kumbukumbu ya muda, na betri ikizima zimekwenda. Bonyeza Ctrl+S kila baada ya sentensi chache.

Kwa mazungumzo marefu ya watu watatu wanaokatizana, Praat inachosha; nukuu kwanza kwenye ELAN, programu ya kunukuu rekodi ambayo nayo ni ya bure, kisha toa TextGrid na kuileta Praat kwa upimaji.